Kugeuza Jani

Michoya kumi na mmoja, nyuma ya jiko, hapa Ihumwa,
na yote imeanza kupauka
kama shuka la msiba.
Nikasema ni njaa, nikaitilia samadi ya mbuzi.
Nikasema ni kiu, nikaongeza ndoo.
Jirani akasema ni jicho la mtu. Nikanyamaza,
lakini usiku nilihesabu watu.

Sechelela alikuja kuazima ungo.
Hakuuliza kitu. Aliinama,
akashika jani kwa vidole viwili, akaligeuza
kama mtu anayetafuta bei chini ya sahani.

"Mishipa bado kijani," akasema, "katikati ndiko kuna umanjano.
Na hawa, huwaoni? Vidukari."
Kisha akaomba kuliona birika langu.
Birika!
Akafunua, akakwangua ukoko mweupe kwa ukucha:
"Hiki ndicho unachoinywesha."

Maji ya kisima chetu. Chumvi yake naijua kwenye chai,
sikujua kwamba majani nayo huonja.

Basi, povu la sabuni ya mche, jioni, upande wa chini.
Na mvua ya Januari ilipoanza: beseni, sufuria,
hata helmeti ya marehemu Madeha
niliikinga chini ya bati.

Yale ya manjano hayakurudi. Yameanguka, nimeyafagia.
Ila juu kabisa, kwenye ncha,
limetoka moja, dogo, lina wekundu pembeni.

Sijalisifu bado.
Nimeligeuza kwanza.