Dakika Mbili

Naitwa Gustav Wendorf, waheshimiwa,
wa Mtaa wa Kumi na Tisa, hapa hapa Milwaukee,
nyumba ya matofali ya manjano
yenye ngazi ya nje iliyonileta kwenu.
Mmenipa dakika mbili. Taa ni ya kijani.
Nitaanza na ngazi.

Ubao wa tatu ulioza. Nikanunua mwingine,
dola kumi na moja, misumari ninayo,
nikaupigilia kabla kahawa haijapoa.
Siku ya nne akaja kijana na kishikwambi,
mpole, viatu safi,
akasema ngazi ikiguswa, kisheria ni ngazi mpya:
mhandisi, ramani, kibali, mkaguzi wa kibali,
na ada ya kumlipa anayepokea ada.
Dola elfu sita na mia mbili.
Kwa ubao mmoja.
Mnaulizana kodi za nyumba zinapanda kwa ngazi gani?
Kwa hiyo.

Juu yangu anakaa Renata Quiñones,
muuguzi wa zamu ya usiku,
na mwanawe anayepiga tarumbeta, vibaya.
Miaka sita. Nimempandishia kodi mara mbili,
na mara zote mbili nilikuwa na bahasha yenu mkononi.
Kodi mnayonitoza, kodi ninayomtoza:
neno moja, maana fedha ni ile ile,
inashuka kutoka kwake,
inapita jikoni kwangu bila kuvua koti,
inakuja kuketi hapa.

Baba yangu hakulijua neno sera.
Alijua daftari: kilichoingia, kilichotoka,
na mstari mwekundu asiouvuka
hata mwaka ule kiwanda cha matrekta kilipofunga lango.
Alisema deni ni mgeni,
ukimpa kiti ataulizia kitanda.
Jiji hili limempa chumba cha mbele,
na taa ya barabarani kwetu imekufa tangu Oktoba.

Ndiyo, naiona, taa ya njano.

Sasa mnataka kuweka kikomo cha kodi.
Hata mimi ningepiga makofi
kama paa lingesoma sheria,
kama tanuri la joto lingejua
kwamba limekatazwa kuharibika Januari.
Siombi ruzuku. Naomba nyundo yangu.
Mwacheni Odell Pruitt aigeuze gereji yake
kuwa chumba cha mama mkwe.
Mwacheni Pa Houa auze supu dirishani.
Mji ulijengwa na watu wasioomba ruhusa
ya kuamka mapema, nami nina waju—

Nyekundu. Kipaza sauti kikazimika
na wajukuu wangu wakabaki nusu.

Aliyenifuata kwenye foleni alikuwa Renata,
bado na sare ya hospitali.
Hakunitazama.
Alisema nusu ya mshahara wake inaishia kwenye paa.
Alisema, mwenye nyumba wangu ni mtu mwema,
mmemsikia sasa hivi,
lakini wema si mkataba.
Akifa kesho nyumba itauzwa,
na atakayeinunua simjui,
na mwanangu ana mtihani Mei.
Akamaliza, taa ikiwa bado ya kijani.

Nilikaa nikiikunja kofia.
Hilo halikuwa kwenye daftari.

Tulirudi kwa gari langu,
kwa kuwa basi la saa nne usiku limefutwa kwenye bajeti,
jambo tulilolilaani wote wawili
kuanzia daraja mpaka kwenye duka la mikate.
Kisha tukanyamaza. Kisha akauliza
kama mhandisi anakubali kulipwa kidogo kidogo.
Nikasema sijamuuliza.
Nikasema, mwambie kijana apunguze tarumbeta.
Akasema, atapunguza ukirekebisha dirisha.

Theluji ilikuwa imeanza.
Ngaziní kulikuwa na utepe wa jiji, umelegea, unapepea.
Akauinua, akapita chini yake,
akashika mbao za mkono, akapanda:
wa kwanza, wa pili,
akauruka wa tatu,
ule mpya, imara kuliko yote,
kama sheria inavyotaka.