Sampuli za Jumapili

Mwaka wa kwanza walitupa rezista,
punje zenye mistari ya rangi kama shanga,
wakasema: someni.
Kahawia, nyeusi, nyekundu, omu elfu moja.
Nilizisoma kwa sauti bwenini Warangal
mpaka Nagalaxmi, wa kitanda cha juu,
akanirushia kandambili.

Mwaka wa pili, transista,
dudu la miguu mitatu:
unalinong'oneza huku, linapaza sauti kule.
Na somo la sumakuumeme, lililonibwaga mara mbili.
Mara ya pili nilipata thelathini na nne.
Ya kufaulia ni thelathini na tano.
Nyumbani nilisema matokeo hayajatoka.

Kila Jumapili, saa moja jioni,
mchuzi wa dengu haujakauka vidoleni,
napiga simu.
Mama hupokea, humpa baba.
Baba hukohoa kidogo.
"Tu wazima. Pamba iko vizuri. Wewe?"
"Mzima. Masomo yako vizuri."
"Haya."
Dakika mbili na sekunde kumi na kitu.

Kisha likaja somo la ishara na mifumo.
Bi Vasundhara aliingia nywele zikichuruzika mvua,
akachora wimbi linalohangaika,
juu, chini, juu, chini, ubao mzima,
akatia nukta moja kileleni,
akaruka, akatia nyingine kileleni,
akaziunganisha.
Mstari mnyoofu. Maji ya mtungini.

"Hiki ndicho mtakachokiona," akasema,
"mkipima kwa uvivu.
Wimbi halikutulia. Ni nyinyi
mmelitembelea saa ileile ya mzunguko wake.
Na likishapotea hivyo
hakuna chujio la kuwarudishia."
Akafuta. Akaandika kanuni:
zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko.

Wenzangu walinakili.
Jumapili, Jumapili, Jumapili.
Wazima, wazima, wazima.
Nilikuwa nimemchora baba yangu kwa rula.

Jumatano, saa nne asubuhi,
nikiwa nje ya maabara, mkono ukinuka moshi wa kulehemu,
nilipiga.
Akapokea Sammaiah, mdogo wangu.
"Mbona huko shule?"
"Nachuma pamba. Baba hawezi kuinama."
"Tangu lini?"
"Tangu Dasara."
Nikahesabu: Jumapili tano.
"Jumapili mama humkanda mafuta," akasema,
"tunamkalisha, tunampa simu."
"Na maksai?"
"Yule wa pembe iliyovunjika yupo."

Nikasikia simu ikipita mkono kwa mkono.
"Leo Jumatano," akasema baba,
kama mtu anayemrekebisha mtoto kalenda.
"Najua."
Nikangoja. Kisha likanitoka:
"Baba, nimefeli somo moja. Mara mbili.
Mara ya pili kwa alama moja."

Kimya. Lakini nimefundishwa
kwamba kimya hakipo;
hata waya usio na kazi hunong'ona kwa joto lake.
Nikaitega sikio ile minong'ono.
Kuku. Upepo. Pumzi inayopanda kwa taabu mgongoni.
"Somo gani?"
Miaka mitatu, hakuwahi kuuliza.

"La mawimbi. Yanavyosafiri.
Yakifika mwisho wa waya, kama pande mbili hazilingani,
sehemu yake hurudi yalikotoka."
"Hurudi?"
"Sehemu."
"Na iliyobaki?"
"Huingia."
Akafikiri. Nilimsikia akifikiri.
"Basi si hasara yote."

Mlango wa maabara ulifunguliwa, nikaitwa,
oskiloskopu yetu ilikuwa imeachwa inawaka
na kundi la pili linaingoja.
Nikasema nitapiga Jumapili.

"Jumapili najitengeneza," akasema.
"Piga Jumatatu.
Jumatatu ndiyo mbaya."