Pini ya Senti Arobaini

Barua ya manispaa ilinikuta jikoni, ina muhuri na vitisho:
mita hamsini kuizunguka nyumba,
pafyekwe kabla Mei haijaisha, la sivyo faini.
Kiangazi kilichopita moto ulishuka kutoka kwenye mikalitusi
ukasimama kwenye banda la kuku, kama mgeni anayebisha hodi.
Miaka thelathini na mmoja nilitandika vitanda vya watu Zurich.
Shamba la baba, huku Ourense, lilijitandikia miiba.

Avelino alinionyesha kwanza ile pana, ya mita moja na nusu,
rangi mpya juu ya kutu ya zamani.
"Hii itakumalizia kazi asubuhi moja, Dosinda."
Nikamwambia trekta yangu ni kadogo, ka Kijapani,
nguvu zake farasi ishirini na wawili;
nikikabebesha dude hilo katainua magurudumu ya mbele
kama mbwa anayeomba mkate.
Akacheka. Akaburuta nyingine toka nyuma ya mapipa ya divai:
mita moja na ishirini, visu viwili,
minyororo ya kuzuia mawe imebaki nusu.

Nilipiga magoti. Nilichovya kidole kwenye giaboksi:
mafuta meusi, lakini mafuta, hayana unga wa chuma.
Niliutikisa mhimili. Nikauliza pini.
"Pini ipo," akasema, macho yake yakiwa kwenye paka.
Ilikuwa bolti ngumu, ya lori.
Alichoka, akakiri, kununua zinazokatika.

Hapo ndipo nilipomshusha bei.
Pini hiyo huwekwa ili ife.
Kisu kikigonga mwamba, yenyewe ndiyo hukatika,
giaboksi likabaki na meno yake.
Weka kitu kisichokubali kuvunjika
na kitavunjika kingine, cha ghali.
Yuro mia tano na themanini,
na pini kumi juu yake, ndani ya kopo la sadini,
za senti arobaini kila moja.

Jumanne, umande ulipokauka, nilianzia chini, kwenye mialoni,
gia ya kwanza, polepole, nikitazama nyuma kuliko mbele.
Miiba ya maua ya njano ilipasuka kwa harufu ya nazi,
harufu ya mafuta ya kujipaka ya wageni wa hoteli.
Mjusi akakimbia. Kiatu cha mtoto kikaruka, cha mguu wa kulia.
Nyuma yangu palibaki zulia bovu, lenye mabaka,
nami nikaliona zuri.

Kisha, tah!
Ngurumo ya trekta ikaendelea, visu vikanyamaza.
Nilizima. Nikasubiri kila kitu kisimame. Nikatambaa.
Pini vipande viwili, safi, kama chaki.
Na kwenye nyasi, kichwa cha jiwe lililochongwa,
msalaba juu yake: jiwe la mpaka.

Baba alisema Remedios alilihamisha usiku.
Miaka ishirini na miwili hawakusalimiana,
mahakama mara mbili, ng'ombe mmoja akauzwa kwa wakili.
Baba hakuyumba. Mama ndiye aliyeacha kula.
Nikapima kwa hatua kutoka kwenye kisima.
Nikapima tena.
Jiwe lilikuwa pale pale Remedios alipokuwa akisema.

Nilitia pini ya pili. Mikono ilinitetemeka, nasingizia trekta.
Nikalizunguka jiwe, nikaliachia kishungi cha nyasi,
nikavuka, nikafyeka na upande wake,
hadi ukutani, maana moto hausomi hati.

Jioni akatokea dirishani, miaka themanini na minane,
kitambaa cheusi, sauti ile ile ya kufukuzia mbwa.
"Umebakiza kichaka pale."
"Nimekiona," nikamjibu.
Akakitazama kwa muda mrefu.
Kisha akauliza mashine niliinunua kwa nani,
na kama Avelino alinipunja.