Sakafu Yetu, Dari ya Idwal

Ngazi ni kumi na saba. Nazijua kwa magoti,
maana kinanda tulikipandisha wenyewe,
watu sita na kamba ya kuanikia nguo,
na kwenye kidato cha tisa kikagonga ukuta
kikatoa sauti moja, ndefu, ya mnyama.
Tangu siku ile la ya juu imekufa.
Nairuka, kama mtu akijuaye kidato kibovu
akirudi kwake gizani.

Okestra ni mimi.
Fidla ni mkono wa kuume, ngoma ni kisigino,
na tarumbeta mtazamaji ajiletee mwenyewe, kichwani.

Viti thelathini na vinane, vya kanisa lililofungwa
hapa hapa Llanelli, mwaka ule waumini walipobaki wanne.
Kila kiti mgongoni kina kijisanduku cha kitabu cha nyimbo.
Siku hizi humo mna pakiti za krispi.

Emlyn Beynon, mstaafu wa posta, ndiye mwenye kiwanda.
Ndiye mchungaji pia, ndiye baba wa binti, ndiye upepo.
Hubadili nguo ghalani, kati ya mapipa ya bia,
na Ijumaa alitoka na kofia ya tajiri
juu ya joho la mchungaji. Hakuna aliyecheka;
mji wa bati umeshaona zaidi ya hayo.

Gwenllian ndiye binti.
Mchana huhesabu vidonge duka la dawa,
usiku husimama hatua mbili kutoka safu ya mbele,
na akiimba unauona ulimi, unaiona plasta kidoleni,
unajua amekula vitunguu.
Kwenye kumbi kubwa machozi ni kazi ya taa.
Hapa ni maji, na yakidondoka
yanamwangukia mtu kiatuni.

Jumamosi walikuja tisa,
wawili kati yao wamekosea mlango wa choo.
Tukafika pale binti anapomuaga babaye,
wimbo ambao Nerys aliutunga jikoni
wakati wa kesi ya talaka yake, mfupi, hauna kiitikio,
nami nikapunguza vidole hadi vikabaki viwili.

Chini, kwenye runinga ya baa,
timu yetu ya raga ikavuka mstari dakika ya mwisho.
Sakafu ikanguruma. Vumbi likaruka mbaoni.
Watu themanini, yowe moja.

Gwenllian akanyamaza.
Akatazama kati ya miguu yake, muda mrefu,
kisha akamgeukia Emlyn, na kwa sauti ya binti, si yake, akasema:
"Baba, wameanza. Wameweka zana chini."
Nami, Mungu anisamehe, nikapiga wimbo wa mgomo
kurasa kumi na moja kabla ya wakati wake.
Wale tisa wakasimama.
Mmoja wa waliokosea mlango akavua kofia.

Jumapili tuliingoja kelele ile.
Hakukuwa na mechi.
Nikabakiza vidole viwili,
Gwenllian akanyamaza, akatazama chini,
na huko chini kimya, kimya cha meza zilizofutwa.
Nikahesabu nne. Nikahesabu nane.
Emlyn akameza mate, safu ya nyuma wakamsikia.

Ndipo dari ya Idwal, yaani sakafu yetu,
ikagongwa kwa mpini wa ufagio: mara tatu,
halafu, kama mtu aliyeona haya, mara ya nne.

Sijui nani alimwambia.
Tulipokwenda kulipa pango, pungufu pauni kumi na tisa,
alikuwa akifuta kaunta iliyokwisha futwa.
Akasema tulete Jumatatu.
Akasema kinanda kile kinataka fundi.
Kisha, bila kututazama, akauliza
kama wiki ijayo agonge vilevile
au aanze mapema kidogo.