Namba Arubaini na Saba

Walimpa namba kabla hajavua viatu.
Jina lake, Twaha, likaingia kwenye bahasha,
bahasha kabatini, kabati likafungwa,
na ufunguo, akasema nesi Mejumaa,
"hata mimi sina."

Nilisaini mimi, kisha akasaini yeye,
miaka kumi na mitano, karatasi ikimganda
kiganjani kwa jasho.
"Una haki ya kujitoa siku yoyote," wakamwambia,
"na huulizwi sababu."
Hajawahi kuambiwa hivyo.
Pale Makadara watoto humwita Tangi,
na tangi haliulizwi kama limeridhia.

Na mimi je, niseme nini?
Miaka yote nikisikia "Maashallah, mwana kanawiri,"
nikilitia neno kibindoni kama sarafu.
Alfajiri nakanda, nasukuma, natosa mahamri mafutani:
ndiyo ada yake, ndiyo viatu vyake,
ndiyo nauli ya kwenda Tudor
kupimwa unene wa mahamri yale yale.

Mejumaa hakutucheka. Alimpa daftari:
andika kila kipitacho kooni.
Wiki ya kwanza Twaha akaandika uongo.
Ndizi. Maji. Ndizi.
Mizani ikamsuta.
Shuleni nilifunzwa mizani ya shairi:
mstari ukizidi unakata neno, inkisari,
na mwalimu hakatazi.
Hii ya Tudor haina inkisari.

Kila Jumatano, sindano ya tumbo.
Nusu yao dawa, nusu yao maji ya chumvi;
nani kapata nini, ajuaye ni kompyuta.
Kwenye benchi la kungojea akakaa na Nyamvula wa Kongowea,
namba hamsini na mbili.
Majina walikatazwa, wakapeana siku ya pili,
wakawa wanashindana kukisia:
mimi nimechefukwa nikiona achari, basi ni dawa;
wewe umekula sahani mbili, pole, ni maji.
Na mimi kwa majirani nikaapa, wallahi ni dawa,
itazameni suruali inavyomvuka.
Kilo tatu. Nilizitangaza kama harusi.

Mwaka ulipotimia wakafungua bahasha.
Twaha: maji.

Nikahisi kama nimevaa shaba
mbele ya watu niliowaambia dhahabu.
Yeye akacheka mpaka akashika ukuta.
"Kumbe kile kichefuchefu kilikuwa changu mwenyewe!"

Nyamvula ndiye aliyepata. Kilo kumi na nne.
Hakucheka. Aliuliza:
"Na Jumatano ijayo?"
Mejumaa akaitazama kalamu yake.
Utafiti umekwisha. Dawa ile dukani, ya mwezi mmoja,
inashinda kodi ya nyumba yao ya miezi mitatu.
"Majibu yenu yatawafaa wengi," akasema,
na sauti ikawa ya mtu anayesoma ukutani.
"Wengi ni akina nani?"
Feni ilizunguka. Sisi watatu tukatazama mizani,
ambayo haikuwa na mtu juu yake
na bado ilionyesha sifuri na nukta mbili.

Daftari hawakulidai.
Juzi nikitandika kitanda nimelikuta chini ya mto,
mwandiko wake mdogo, mtu mkubwa vile:

Mbaazi. Hamri mbili. Chai, sukari kijiko kimoja,
halafu kingine.
Nimemsindikiza Nyamvula hadi darajani.
Njaa yake imerudi, anasema, kama mgeni
aliyesahau kitu, na hataki kusema ni kitu gani.
Jioni Mama alinitazama nikila.
Alihesabu. Nilimwona midomo.
Nilitaka kumwambia: Mama,
una haki ya kujitoa siku yoyote.
Huulizwi sababu.