Mzigo wa Namba Tatu

Tumefungwa kumi na saba kwa kumi na mbili,
na kahawa ya Kalunde leo ni chungu kuliko ya jana.
Au ulimi ndio umebadilika.
Tumekaa nyuma ya stesheni ya Tabora,
benchi mbili na ndoo iliyopinduliwa,
vumbi la uwanja wa shule bado liko kwenye soksi,
na Mihayo, fundi saa, ameshaanza.

"Raga gani ile? Mpira ukitoka, tunaupiga juu.
Ukirudi, tunaupiga juu.
Tulikuwa tunacheza au tunawinga kunguru?"
"Na winga wetu," akadakia Kapela, "kakaa pembeni dakika themanini
kama mgeni wa harusi aliyepitwa na sinia.
Kaushika mara mbili.
Mara mbili! Na moja ulikuwa umeshatoka nje,
akamrudishia mtoto."

Tukacheka.
Kicheko cha waliofungwa hakifiki tumboni.

Halafu likaja lile tulilokuwa tunalizunguka
kama mbwa na chungu cha moto:
wale wanane wa mbele.

Nkwabi wa posta alikuwa na karatasi.
Huyu huandika kila kitu, hata mvua.
"Skramu kumi na nne," akasoma, "tumesukumwa tisa.
Penalti sita. Nne za namba tatu."
Akaikunja taratibu, kama barua ya msiba.

"Wajukuu wa wapagazi!" Mihayo akatema.
"Babu zetu walibeba pembe toka hapa mpaka pwani,
sisi tumeshindwa kumsogeza mtu wa Shinyanga hatua mbili.
Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema.
Tumepewa.
Tumeuangushia miguuni petu."

Mimi nilikuwa na langu:
kwamba kipindi cha kwanza walisukuma kwa pumzi moja,
migongo imelala kama meza,
na ile trai ya Kashindye haikuwa ya Kashindye,
ilikuwa ya migongo minane,
yeye alikuwa tu mkono uliotangulia kugusa chini.
Kwamba kila tulipoupiga juu ukarudishwa
ni hao hao wazito waliogeuka kuukimbilia nyuma,
na mtu mzito ana idadi ya kugeuka kwa siku.
Sikusema.
Nilinunua kashata.

Ndipo Shija akatokea. Namba tatu mwenyewe,
sikio limefungwa kipande cha khanga,
shingo haigeuki,
kwa hiyo akageuka mwili mzima kutusalimu,
kama kabati linalohamishwa.
Benchi likanyamaza. Kalunde akammiminia.
Kikombe akakipokea kwa kushoto.

"Nimewasikia toka relini," akasema.
"Penalti zangu si nne. Ni tano.
Moja mwamuzi hakuiona."
Akaweka kikombe chini.
"Mihayo, simama."

Fundi saa, vidole vya kushikia skrubu ndogo kuliko chawa,
akasimama.
Shija akainama, akampa bega. "Sukuma."
Akasukuma. Viatu vikachimba kokoto,
miwani ikadondoka, mshipa ukamsimama kwenye paji.
Shija alikuwa pale pale, anaangalia siafu.
"Hapo uko peke yako," akasema kutoka chini.
"Sasa pachika mwenzako kwenye mbavu,
mwingine akuvute jezi upande ambao mwamuzi hayupo,
na nyuma yako watu watano wanakusukuma makalio
kwa nia njema kabisa.
Mbele hakuendeki. Nyuma hakurudiki.
Kisha uulizwe kwa nini ulianguka."

Kule yadini behewa likagonga behewa,
mlio ukakimbia treni nzima hadi mwisho.
Mihayo akatafuta pumzi, akatafuta miwani,
miwani ikawahi kupatikana.
"Sawa," akasema. "Sawa.
Lakini hata mliposhinda skramu, mpira ulichelewa kutoka."

Shija akafikiri.
"Ulichelewa," akakubali,
akavuta ndoo, akaketi kwa awamu.
"Nkwabi, hebu fungua hiyo karatasi."