Unyaufu

Kazi yangu ni kupima.
Chama cha msingi, Newala, ghala la pili ukitokea sokoni:
mizani, daftari, kalamu iliyofungwa uzi
isitoroke.
Gunia linapanda, mshale unatetemeka, natamka:
themanini na mbili kasoro robo.
Mkulima ananitazama mdomo
kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Mimi nami nilitazama mdomo, msimu ulipofunguliwa,
hospitali ya wilaya. Muuguzi hakuinua uso.
"Tisini na sita. Presha hii haitakuacha, mama Shadida.
Punguza."
Akaita mwingine.

Punguza. Neno lenyewe halishibishi.

Siku ya kwanza nilikuwa shujaa mpaka saa nne.
Siku ya tatu nilikula maandazi manne nyuma ya magunia,
wima, haraka, kama mtu anayeiba mali yake,
na mlinzi, Bwana Chikambo, akaninong'oneza kwa adabu:
"Karani, kidevu. Futa."

Ndipo nikaanza kuipanga foleni.
Njaa ikiingia saa tano naiuliza: una namba?
Huna. Kakae kwenye benchi na wenzako wa Kitangari.
Nakunywa maji, kikombe kizima, taratibu,
maana huku kwetu mlimani dumu linanunuliwa
na maji hayanywewi ovyo.
Napima magunia matano. Nageuka: benchi tupu.
Siku nyingine nageuka, ipo, imekunja nne,
imeleta na ndugu zake.

Sasa naijua kwa sauti.
Ya saa kumi ni uchovu uliovaa nguo za njaa.
Ya magharibi ni harufu tu, jirani anakaanga dagaa.
Ya kweli haichagui:
hata mbaazi za jana, za baridi, inazipokea kwa mikono miwili.

Hiyo ya kweli naipa.
Kisamvu nusu sahani. Ugali wa muhogo ngumi moja,
ngumi yangu, si ya Hashimu.
Na korosho kumi, nazihesabu,
katika nyumba yenye ndoo nzima ya korosho.
Ya kumi na moja naitazama. Imejikunja kama sikio,
inanisikiliza nikimeza mate.

Mama haelewi.
"Mwaka ule ming'oko iliisha porini,
nilitembea na mimba yako mpaka Nanyamba kutafuta makopa.
Njaa mimi niliikimbia kwa miguu.
Wewe unaikaribisha, unaipa na benchi?"
Sina jibu.
Usiku ananiachia sahani karibu na kitanda, kaifunika kawa.
Alfajiri nairudisha jikoni
na sote wawili tunajifanya kwamba aliyemega pembeni
ni panya.

Mtaani wana maswali yao.
Esha Mmole kanishika mkono, macho yamemlowa:
"Shoga, umekwisha. Umepima?"
Napima kila siku, nikamwambia, nalipwa kwa kupima.
Hakucheka.

Wakulima nao wanalalamika, miaka yote, jambo moja:
gunia limelala na themanini, limeamka na sabini na tisa.
Kilo yangu nani kaila?
Nawaambia ni unyaufu, baba, hakuna mwizi,
ni maji yanaaga, korosho inabaki korosho.
Hawaniamini. Na mimi, kusema kweli,
nilikuwa nasoma tu kilichoandikwa kwenye waraka.

Jana baada ya kufunga nilivua viatu, nikapanda.
Bwana Chikambo akamulika tochi, akasogea, akarudi nyuma.
"Tisini na moja na nusu."
Kimya.
"Tutoe kilo ya gunia?"
Nikajitazama: gauni, kanga mbili, funguo za ghala.
Toa, nikasema. Haki ya mkulima.

Nikazima taa. Kwenye benchi alikuwa amebaki mmoja,
tangu saa tisa, hajalalamika.
Haya, inuka, nikamwambia.
Zamu yako imefika. Twende nyumbani tukale.